Kaktasi ya Bibi (gumzo la kikundi cha Wana wa Limbani)

Jumapili, Desemba

Salma (Leicester, Uingereza): Assalaam alaykum ukoo mzima. Nje baridi inatafuna mifupa, lakini kaktasi yangu ya dirishani imejaa maua ya pinki. [picha]

Rukia (Kikwajuni, Unguja): Waalaykum salaam dada. Mashaallah! Mie ile niliyokatiwa kwa Bibi, kule Wete, Pemba, inaingia mwaka wa tatu, hata tumba moja sijaliona. Majani tu, yananing'inia mpaka kwenye kiti.

Nassor (Kikwajuni): Punguza maji. Kaktasi mmea wa jangwani.

Rukia: Ndivyo nnavyofanya. Maji ya kikombe kimoja cha kahawa kwa wiki, na nimeiweka juu roshani ipate jua kutwa. Sasa majani yamegeuka manjano, yamekunjana kama vidole vilivyokaa majini.

Khalati Zuwena (Wete): Rukia mwanangu, hebu piga picha karibu, pale ubavuni mwa jani.

Rukia: Shikamoo khalati. [picha]

Khalati Zuwena: Marahaba. Hiyo ina kiu, na jua limeiunguza. Nassor babaangu, hii siyo dungusi. Dungusi ndo la jua kali na miiba. Hii kwao ni misitu ya Meksiko na Guatemala, inaota juu ya miti, mizizi imejishika kwenye magome na majani yaliyooza. Jua linaifikia kwa kuchungulia matawini. Mvua ikinyesha inashiba, halafu maji yote yanateremka. Itunzeni kama kitu cha juu ya mti. Na hayo mnayoyaita majani ni mashina yaliyokuwa bapa. Ua linatokea kwenye vile vipengo vya ubavuni, ndo maana nikataka kupaona hapo.

Salma: Kumbe yangu na yake mbalimbali?

Khalati Zuwena: Jamaa moja, lakini mbalimbali. Yako inatoka milima ya kusini-mashariki mwa Brazil. Ili ifunge matumba inataka usiku mrefu wa baridi, nyuzi 10 mpaka 15, kwa wiki kadhaa. Huko kwenu mwezi huu usiku unapita saa 16. Hapa mchana na usiku mwaka mzima vinakaribiana, tofauti haitimii hata saa moja, na kipupwe chetu hakifiki baridi hiyo. Niliwahi kupewa moja kama yako, nikaihangaikia miaka minne, ua sikuliona. Nawaambia wazi ili mtu asijitese. Ya Bibi ndo inayotufaa, joto letu inalipenda.

Ami Haji (Chake): Rukia, umeipanda kwenye nini?

Rukia: Shikamoo ami. Kopo la rangi la lita nne, udongo mwekundu wa shamba.

Ami Haji: Marahaba. Lina tundu chini?

Rukia: Halina.

Ami Haji: Basi itoe leo leo uangalie mizizi.

Rukia: Nimeitoa. Juu udongo umekauka kama tofali, chini tope linanuka. Nusu ya mizizi myeusi, inateleza. Nimesikitika, nilidhani naitunza.

Ami Haji: Usihuzunike. Kata yote iliyooza kwa kisu kisafi, mizizi mizuri iache. Kopo litoboe matundu matano sita. Mafungu mawili ya usumba wa nazi, uuoshe mara mbili tatu chumvi itoke. Fungu moja kokoto ndogo. Fungu moja samadi ya ng'ombe iliyooza ya siku nyingi, siyo mbichi. Na usikimbilie ndoo kubwa, mizizi ikibanana kidogo ndo maua yanakuja.

Khalati Zuwena: Maji, tia kidole mpaka pingili ya pili. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka yatoke chini, halafu iache. Iweke dirisha la mashariki, jua la asubuhi mpaka saa tatu linatosha. Masika yakiingia, isikae kwenye mchirizi wa bati.

Na kata kipande cha shibiri moja uwe na akiba, usiweke roho yote kwenye kopo moja. Ncha ya chini ikate mshazari usije ukaipanda kichwa chini. Kiweke kivulini wiki nzima kidonda kikauke, ndo upande.

Rukia: Nashukuru sana khalati, ami. Mungu awazidishie.

Jumanne, Novemba ya mwaka uliofuata

Rukia: MATUMBA MATATU! [picha]

Khalati Zuwena: Alhamdulillah! Sasa mwanangu, kopo lisisogezwe wala kugeuzwa, na lisikauke. Mmea huu ukishtuka unapukutisha.

Ijumaa

Rukia: Mawili yameanguka.

Nassor: Ni mie. Niliigeuza wakati wa kufagia, sikusoma ujumbe. Nisamehe dada.

Rukia: Nimekusamehe. Limebaki moja.

Jumatano iliyofuata

Rukia: Tumba lilikuwa linaning'inia, leo limeinua shingo na limevimba. [picha]

Khalati Zuwena: Usiku wa leo huo. Mkishasali Isha msilale. Na Bibi mmwambie, maadam yuko hapo kwenu.

Rukia: Saa mbili na nusu, ncha imeachia.

Rukia: Saa nne. Limepita kitanga cha mkono wangu, jeupe pepe, na katikati pana kijinyota cheupe mbele ya nyuzinyuzi. Harufu imefika mpaka kwa jirani, kaja kuuliza nani kafukiza nini.

Salma: Na Bibi?

Rukia: Macho yake usiku hayaoni vizuri, ndiyo hayo yaliyomleta Unguja. Tumemwekea kiti dirishani. Kalishika kwa vidole viwili, akasema, "Ndiyo lenyewe." Hataki kwenda kulala. Kumeingia nondo mkubwa, Nassor alitaka kumfukuza, Bibi kamkataza, anasema huyo kaja kwa ua lake.

Khalati Zuwena: Mpeni shuka ajifunike, kuna upepo.

Alhamisi, alfajiri

Rukia: Limeshalala, linaning'inia kama leso iliyorowa. Nilikate?

Khalati Zuwena: Liache lianguke lenyewe. Na shina usilikate, vile vipengo vilivyobaki bado vina maua yao. Bibi kaamkaje?

Rukia: Kaamka vizuri. Anauliza kile kipande cha akiba kimefika urefu gani, anataka arudi nacho Wete.