Iyafoni za vipira zaniumiza sikio na besi siisikii, ninunue gani?

Mvukaji_Likoni:
Salaam jamani, naombeni ushauri wenu nyinyi mnaojua mambo ya sauti maana nshachoka. Mimi kila siku navuka feri Likoni halafu napanda matatu mpaka Changamwe na njia nzima simu iko mfukoni nasikiza taarab, mihadhara, saa nyengine bongo flava. Nilinunua iyafoni za waya zile za kuingia ndani ya sikio, za vipira, na dukani zilisifiwa sana. Sasa sikio la kushoto likikaa nazo kidogo tu laanza kuuma, hapa kwenye kinyama cha mlangoni, na la kulia iyafoni yateleza yenyewe, nikitafuna muhogo ishatoka. Besi nayo hamna, udi na fidla nasikia vizuri lakini ngoma zasikika mbali mbali. Kwenye feri injini ikinguruma napandisha sauti mpaka mwisho. Nataka kununua nyengine, bajeti elfu mbili mpaka elfu tatu, simu yangu bado ina tundu la pini. Nichukue za waya ama blututhi?

FundiWaMakadara:
Aleykum salaam ndugu yangu, usitoe hata shilingi kwanza. Zile iyafoni zilikuja na kipakiti cha vipira vyengine ndani ya boksi? Kwa kawaida huwekewa saizi tatu, kidogo, cha kati na kikubwa, na vile vya kati ndio huja vishavalishwa kwa hivyo watu wengi hawavigusi kabisa hivyo vyengine, vyabaki kwenye boksi mpaka boksi latupwa.

Fanya hivi, weka wimbo wenye besi ya kweli (sio taarab za zamani zilizotolewa kwenye kaseti zikapandishwa YouTube, zile nyingi hazina besi ya kupimia), vaa iyafoni kisha ibonyeze taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Ukibonyeza besi yaja, ukiachilia yapotea? Basi iyafoni ni nzima, ni hewa yavuja. Hizi za ndani zategemea kipira kizibe mfereji wa sikio kabisa, pakiwa na upenyo hata mdogo sauti za chini ndio za kwanza kutoroka, zile nyembamba zabaki. Ndio maana udi wausikia na ngoma huzisikii. Na usijaribu kuziba hilo pengo kwa kupandisha besi kwenye settingi za simu, utaharibu sauti nyengine zote na hewa bado yavuja.

Tena masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yawe saizi moja. Kwa maelezo yako mimi ningeweka kipira kidogo kushoto na kikubwa kulia, hakuna sheria inayosema lazima vifanane. Ukivaa, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ndio mfereji unyooke, ingiza, halafu achilia.

BintiKisauni:
Fundi kasema kweli lakini mimi naongeza hapo kwenye maumivu. Kaka asema yauma kwenye kinyama cha mlangoni, hapo mara nyingi si kipira, ni kile kijumba chenyewe cha plastiki ni kikubwa kwa hivyo chasukuma nyama. Kipira kikikubana utasikia ndani zaidi, kama sikio limejaa. Kwa hivyo angalia ni wapi hasa.

Kuna vipira vya sponji pia, wavifinya kwa vidole mpaka viwe vyembamba, waingiza halafu washikilia kidogo vivimbe humo ndani. Vyaziba vizuri mno na havitelezi, ila kwa joto hili letu na jasho vyachakaa haraka na havioshwi vikarudi kama vipya, vile vya silikoni waosha kwa maji na sabuni (vitoe kwenye iyafoni kwanza!) waanika vyakauka. Na ule waya jaribu kuupitisha juu ya sikio kwa nyuma badala ya kuuacha uning'inie, kwanza uzito hauvuti iyafoni nje, pili ile kelele ya waya ukisugua nguo yapungua sana, tabu yake maiki yapanda juu ukipiga simu.

Dogo_Bamburi:
Mi nasema blututhi bro, hasa zile za kuzima kelele, kwa feri ni dawa kabisa maana zafanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo wa chini wa mfululizo kama injini. Honi na makelele ya makanga bado utayasikia lakini.

FundiWaMakadara:
@Dogo_Bamburi sikukatai, lakini kwa hiyo elfu mbili tatu pesa yagawanyika, betri, redio, boksi la kuchajia, kinachobaki kwa spika yenyewe ni kidogo. Kwa waya pesa yote yaenda kwenye sauti. Na betri zile ndogo huchoka baada ya miaka michache na kuzibadilisha ni shida, mimi hizo huletewa na namrudishia mwenyewe. Tena hata ya blututhi ikiwa kipira hakizibi, kule kuzima kelele kwapungua nguvu. Akichukua blututhi basi atazame imeandikwa angalau IPX4, ile alama ya kustahimili maji, hapo jasho na marasharasha ya maji haviisumbui.

Muuguzi_Tudor:
Hapo pa kupandisha sauti mpaka mwisho ndipo paniumapo mimi, wallahi. Shirika la Afya Duniani lasema kwa mtu mzima kiwango salama ni desibeli 80 (desibeli ndio kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda wakatika nusu, ukifika 90 wabakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Safari zako hizo za kila siku hizo saa 4 zaisha mapema sana. Kipira kikiziba vizuri kelele ya nje yenyewe yashuka, hutahitaji kupandisha, hiyo ndio faida kubwa kuliko hata besi. Kukiwa na mlio masikioni ukizivua usikae nyumbani, nenda ukapimwe.

Na upande mmoja ukishuka sauti ghafla angalia kale kawavu ka mdomo wa iyafoni, nta huziba pale. Elekeza mdomo chini, piga mswaki mkavu mororo. Usitie maji wala sindano.

Mvukaji_Likoni:
Asanteni sana wapendwa. Boksi nilikuwa nalo bado, nimeweka kidogo kushoto kikubwa kulia na ngoma zimetokea, tena leo kwenye feri sauti ilikuwa nusu tu na nasikia kila kitu. Kulia haitoki tena. Kushoto bado pauma palepale mlangoni, dada Binti nahisi ni kijumba kweli.

BintiKisauni:
Basi hapo kipira hakitakusaidia. Tafuta ya waya yenye kijumba chembamba kama risasi, au ile ambayo mdomo wake umetoka mrefu kidogo ili plastiki ikae nje ya kinyama. Omba uishike mkononi kabla hujalipa, uilinganishe na hiyo ulonayo.

FundiWaMakadara:
Na uende na vile vipira vyako vilivyokukaa, mara nyingi tundu lake laingia hata kwenye iyafoni ya kampuni nyengine.