Kikundi cha Shina Na. 4: shilingi 50 ya maji na mkataba wa chumba

Mjumbe: Habari za jioni wakazi. Jumapili saa 10 mbunge anakutana na wananchi uwanja wa shule kabla hajarudi Dodoma kwenye Bunge la bajeti. Shina letu lina nafasi ya maswali mawili: maji, na nyumba za kupanga. Tuyaandae hapa.

Mama Salma: La maji mimi ninalo. Yatatoka lini?

Mzee Kondo: Mama Salma, ukiuliza "lini" utajibiwa "mwaka wa fedha ujao", na utakaa. Uliza fedha. Kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji, tangu mwaka wa fedha 2015/16. Bodaboda akijaza lita 5 ameshachangia 250. Daladala ikiweka lita 40 ni 2,000, na nauli yako imo humo humo. Hatuombi hisani.

Baba Junior: Shikamoo mzee. Sasa hiyo 50 inaenda moja kwa moja kwenye mabomba?

Mzee Kondo: Marahaba. Inakusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato, inapita Hazina, ndipo inafika kwenye Mfuko. Mfuko wenyewe upo kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya 2019, ile ile iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wabunge wameshaomba zaidi ya mara moja 50 iwe 100. Mimi nasema kabla ya kuongeza, kwanza tujue hii ya sasa inafika kwa wakati na inafika yote.

Baba Junior: Tutajuaje?

Mzee Kondo: Wizara ya Maji ni Fungu 49, ndiyo namba yake kwenye bajeti. Miradi imo kwenye kitabu cha bajeti, Juzuu ya Nne, mradi kwa mradi: fedha za ndani ngapi, za nje ngapi. Mbunge anagawiwa. Kuna na randama, inaeleza kila kifungu kitafanya nini. Lakini hicho ni kilichoidhinishwa. Kilichotoka kinasomwa kwenye hotuba ya Waziri, pale anapotaja fedha zilizopokelewa mpaka mwezi fulani. Watu wengi hapo ndipo wanapoachwa. Mfano tu: mradi umetengewa milioni 400, mpaka Aprili zimepokelewa milioni 90. Hiyo ni asilimia 22.5, na mwaka umebaki miezi miwili. Bajeti "imepita", mradi umelala.

Dada Rehema (sheria): Naongezea kwa mzee. Kabla ya ukumbini, makadirio yanapita Kamati ya Bunge ya Maji na Mazingira. Mbunge wetu hata kama si mjumbe wa kamati, anaweza kuwapelekea hoja kwa maandishi. Kamati ina muda wa kumkalisha Katibu Mkuu wa wizara na kumuuliza mstari kwa mstari. Ukumbini mbunge anapewa dakika chache za kuchangia, na nusu yake zinaishia kwenye shukrani.

Mama Salma: Na ile ya kushika shilingi? Naisikia kwenye redio kila mwaka.

Dada Rehema (sheria): Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anasimama kwenye mshahara wa Waziri na kusema asipopata maelezo ya kutosha anaondoa shilingi. Waziri anajibu, wabunge wengine wanaunga mkono au wanapinga, mwisho mwenye hoja anarudisha shilingi au hoja inapigiwa kura. Thamani yake ni ahadi: Waziri akitamka "mkandarasi atalipwa", imeingia kwenye Taarifa Rasmi, ile Hansard, iko tovuti ya Bunge kwa Kiswahili. Mwaka unaofuata unamsomea maneno yake. Kosa la wengi ni kushika shilingi kwa jambo pana, "maji nchini". Ishikwe kwa mradi mmoja wenye jina.

Fundi Shabani: Na mkandarasi asipolipwa msidhani anapoteza yeye peke yake. Anapeleka hati ya madai, muda wa kulipwa kwa mkataba ukipita riba inaanza kuhesabiwa. CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anaandika sana juu ya riba hizo. Ni fedha ambayo haijalaza bomba hata mita moja.

Mzee Kondo: Umesema kweli fundi. Ripoti ya CAG inakwenda kwa Rais, kisha Ibara ya 143 ya Katiba inataka iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza kinachofuata. Inaangukia Aprili, katikati ya bajeti. PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, wanaichambua baadaye wakiwa na maafisa masuuli mezani, wale wanaowajibika kwa matumizi ya kila wizara. Kwa hiyo mbunge aulizwe: hoja za CAG za mwaka jana juu ya maji ya jimbo hili, ngapi zimefungwa na ngapi bado?

Baba Junior: Kijijini kwetu wamejengewa vituo vya kuchotea, bado foleni haiishi. Hiyo nayo ni fedha?

Fundi Shabani: Hiyo pima kwa ndoo. Sera ya Maji ya 2002 kwa vijijini iliweka kituo kimoja kwa watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, lita 25 kwa mtu kwa siku. 250 mara 25 ni lita 6,250. Chukua saa, ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani? Kama ni dakika 2, ni lita 10 kwa dakika, unahitaji dakika 625. Saa kumi na nusu bila bomba kufungwa! Kama pampu ya sola inasukuma saa 6 tu na tanki ni dogo, maji hayatawatosha watu 250 hapo hata siku moja. Tatizo laweza kuwa kisima kilipimwa kwa saa chache tu, au kiangazi maji yameshuka chini na pampu imening'inia juu mno. Mwambie mwenyekiti wa chombo cha watumia maji aandike namba hizo ampelekee meneja wa RUWASA wa wilaya. "Maji hayatoshi" haijibiki, "dakika mbili kwa ndoo" inajibika.

Mjumbe: Ahsanteni. Sasa nyumba. Wapangaji wanalalamika kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kodi kupanda kila mwaka.

Dada Rehema (sheria): Hapa niseme wazi ili mtu asidanganywe. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna ukomo wa kupandisha kodi, wala hakuna sheria inayokataza kudai miezi sita. Bungeni limeulizwa mara nyingi, na wizara imejibu inaandaa sheria ya sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na majengo. Mbunge akisema ataleta muswada binafsi, mkumbusheni Ibara ya 99 ya Katiba: jambo lenye kuanzisha kodi ya serikali au kugusa fedha zake haliwezi kuletwa ila Rais apendekeze kupitia kwa Waziri. Kwa hiyo swali ni kwa serikali, Fungu 48, Wizara ya Ardhi: muswada umefika hatua gani?

Mama Salma: Kwa hiyo mpangaji hana chake?

Dada Rehema (sheria): Anacho mama. Sheria ya Ardhi, Sura 113, kifungu cha 88. Hata mkataba usiposema, mwenye nyumba anawajibika nyumba iwe inakalika tangu siku ya kwanza na iendelee hivyo. Ukipanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mfereji mkuu wa majitaka ni juu yake. Kodi na tozo za jengo pia ni zake, isipokuwa mkataba useme vingine. Ndiyo maana nasisitiza mkataba wa maandishi: mtu anasaini "mpangaji atalipa gharama zote" bila kusoma, akaubeba mzigo wote kwa sentensi moja.

Baba Junior: Ile inayokatwa kwenye LUKU, tukinunua umeme, je?

Dada Rehema (sheria): Hiyo ni kodi ya jengo, ya mwenye nyumba. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tunza ujumbe wa tokeni, jumlisha, katisha kwenye kodi ya pango ukimwonyesha. Kama jengo lina mita tatu za umeme na zote zinakatwa, mwenye nyumba apeleke namba za mita kwa wanaosimamia kodi hiyo, ibaki moja.

Mama Salma: Bili ya maji tunagawana kwa vichwa. Vyumba sita, mita moja.

Fundi Shabani: Weka mita ndogo kila chumba. Namba nyeusi ni uniti, nyekundu ni sehemu ya uniti. Uniti 1 ni lita 1,000, ndoo 50. Kabla ya kugombana, fungeni mabomba yote usiku mtazame kile kinyota cha kwenye mita kubwa. Kikizunguka, kuna kuvuja, mara nyingi ni tangi la choo. Tia rangi kidogo kwenye tangi, msi-flashi nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umekwisha.

Dada Rehema (sheria): Na anayehamia apige picha ya mita siku anapokabidhiwa ufunguo. Deni la aliyetangulia si lako, lakini maji yakikatwa yanakatwa kwa wote.

Mama Salma: Mwenye nyumba akigoma kurekebisha twende wapi?

Dada Rehema (sheria): Andika barua, baki na nakala. Halafu Baraza la Kata, siku hizi linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha linakupa cheti, unakwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda hata bila cheti.

Mjumbe: Naandika. La kwanza: mradi wa bomba la mtaa wetu, Fungu 49, umetengewa kiasi gani, kimetoka kiasi gani, na mkandarasi anadai hati ngapi? La pili: muswada wa sekta ya milki uko hatua gani, na utaweka ukomo wa miezi ya kulipa mbele?

Mzee Kondo: Ongeza "na riba imefika ngapi" kwenye la kwanza. Umpe kwa karatasi Ijumaa, asije akasema Jumapili hana takwimu.

Mjumbe: Nimeongeza. Mama Salma, nitumie jina la mradi lililo kwenye lile bango la pale kisimani, na tarehe ya kumalizika.

Mama Salma: Naenda kulipiga picha asubuhi. Tarehe imechubuka, lakini mwaka unasomeka.