Fundi aliyenifungia kamera anaiona nyumba yangu kuliko mimi mwenye nyumba. Huu ni uhuni!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mwenye haraka apite tu.

Kazi zangu ziko Tunduma, familia iko Goba, Dar. Nyumbani yupo bi mkubwa, mke wangu na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa pili nikafunga kamera sita, nne za waya na mbili za waifai, pamoja na mashine yake ya kurekodia. Laki tisa na nusu taslimu, duka moja la Kariakoo. Jina sitalitaja kwa sababu bado nina kesi nao na sitaki wapate pa kukimbilia.

Zikafanya kazi vizuri tu mpaka masika ya mwaka huu. Radi ikapiga, kiboksi cha intaneti (ruta) kikaungua. Kampuni ya intaneti walikuja kesho yake, hilo nawapa sifa, wakaweka kiboksi kipya, watoto wakarudi kwenye katuni zao. Kamera hazikurudi. Kila nikifungua programu kwenye simu naambiwa kifaa hakipo hewani.

Napiga huduma kwa wateja, binti ananiambia zima ruta, hesabu sekunde 30, washa. Bi mkubwa kazima na kuwasha ile ruta mpaka akawa ananiuliza, "Mwanangu, hii nayo ni dozi, asubuhi na jioni?" Baadaye wakasema kamera si kazi yao, nimtafute aliyezifunga.

Kabla sijampata huyo aliyezifunga, wezi wakanipata mimi. Usiku wa saa tisa simu inaita, mke wangu anasema mota ya kisima imeng'olewa. Mimi niko kilomita zaidi ya 900, nimeshika simu natazama mduara unazunguka. Kifaa hakipo hewani.

Asubuhi fundi wa duka akaja. Akaigusa mashine, akanusa (nimeambiwa alinusa kweli), akasema bodi imeungua na radi, ilete laki nne na nusu aweke nyingine. Nikatuma laki mbili ya kutangulizia. Sasa sikilizeni. Ile mashine haikuwa imeungua wala nini! Taa zinawaka, hadidiski inanguruma, na ilikuwa inarekodi siku zote hizo. Hakuna aliyejishughulisha kuichomeka kwenye TV aone.

Niliichomeka mwenyewe nilipopata ruhusa ya siku nne. Nikamnyima bi mkubwa tamthilia yake, nikaunga waya wa HDMI, nikachukua kipanya cha mashine, nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao. IP ya mashine, yaani anwani yake kwenye mtandao, 192.168.1.108. Geti ya kutokea, yaani anwani ya ruta, 192.168.1.1. Nikageuza ruta chini juu, kwenye stika imeandikwa 192.168.100.1.

Wanaojua wameshacheka. Kiboksi cha zamani kilikuwa kinagawa namba za mtaa wa 1, kipya kinagawa za mtaa wa 100. Fundi aliiandikia mashine namba ya kudumu kwa mkono, kwa hiyo ilibaki inagonga mlango wa nyumba iliyokwishabomolewa. Kamera za waya zinaisikia kwa sababu ziko kwenye swichi yake, ndiyo maana ilikuwa inarekodi, ila kutoka nje haijui pa kupita. Nikaweka 192.168.100.108, geti 192.168.100.1, DNS (ya kutafutia majina ya tovuti) 8.8.8.8, nikahakikisha ruta haimgawii mtu mwingine hiyo 108. Nikahifadhi. Dakika moja haikuisha, simu ikaonyesha uani kwangu, kuku wa jirani wanakula mboga zangu.

Wiki saba, wakuu! Namba tatu tu! Na mtu alinusa mashine akataka laki nne na nusu.

Nikarudisha picha nyuma nikawaona wezi, wawili, mmoja kavaa jezi. Nikapeleka kipande kituoni. Afande kaangalia, kanitazama, kaangalia tena: "Hapa imeandikwa 07:12. Saa moja asubuhi mbona giza totoro?" Saa ya mashine ilikuwa GMT+8, saa za China, kama ilivyotoka kiwandani. Sisi ni GMT+3. Saa nane na dakika 12 usiku ikasomeka saa moja na dakika 12 asubuhi. Zaidi ya mwaka mzima imefungwa, hakuna aliyegusa saa. Na mimi nina makosa, nilikuwa naangalia picha mubashara tu, sikuwahi kurudisha nyuma. Ila nililipia kufungiwa, sio kubandikiwa ukutani.

Hapo katikati kuna kishoka wa pili, wa kuletwa na shemeji. Huyu alichukua elfu 80 za "kufungua poti", yaani milango ya ruta ya kuingizia mtu aliye nje. Akafungua 80, 554 na 8000, na juu yake akaiweka mashine nzima kwenye DMZ, yaani ruta ikiona mgeni yeyote asiyejulikana impeleke moja kwa moja kwa hiyo mashine. Na DMZ yenyewe kaielekeza kwenye ile IP ya zamani isiyofikika, kwa hiyo bure. Nilipoirekebisha IP nikazielekeza poti na DMZ kwenye IP mpya, nikajaribu kuingia kwa poti nikiwa nje. Kimya. Nikafungua ukurasa wa hali ya ruta, upande wa WAN, yaani wa kutokea nje, inasoma 100.72 na kuendelea. Nikafungua tovuti ya kukuambia IP yako, inataja namba nyingine kabisa.

Ukiona WAN ya ruta yako inaanza na 100.64 mpaka 100.127, jua huna IP yako. Mnachangia moja na wateja wengine wengi wa kampuni hiyo. Ni kama S.L.P. ya shule. Wewe mwanafunzi unaweza kutuma barua na majibu yakakufikia, kwa sababu mwalimu anajua nani kaandika. Lakini mtu wa nje akituma barua kwenye S.L.P. ya shule bila jina, itaishia mezani kwa mwalimu. Fungua poti mia kwenye ruta yako, barua haifiki kwenye ruta. Programu ya simu inafanya kazi kwa sababu mashine yenyewe ndiyo inayoanza kupiga simu kwenda kwenye seva ya kiwanda, halafu nyinyi wawili mnakutanishwa huko.

Nikawauliza kampuni ya intaneti. Jibu: "Ndiyo mteja, hiyo ni IP ya pamoja. Ya kwako peke yako ni elfu 35 kwa mwezi." Sawa, IP za aina hii zilishaadimika duniani tangu 2011, sibishani. Lakini nimewapigia mara sita nikisema neno poti, hakuna aliyefungua mdomo!

Kichekesho ni kwamba ubahili wao ndio ulioniokoa. Paswedi ya mashine ilikuwa jina la duka na 123. Kwenye DMZ. Ningekuwa na IP ya wazi, mashine yangu ingekuwa imesimama barabarani uchi. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kilijikusanyia makamera na maruta ya namna hii kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, na mwezi wa kumi mwaka huo yakatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Makamera! Nimeifuta DMZ, nimezifunga poti zote, nimezima UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe), nimebadilisha paswedi.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nifungue uzi.

Ile kamera ya waifai ya uani ilikuwa inasumbua, inashika na kuachia. Hizi nyingi zinashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, na ruta mpya ilikuwa imeunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja. Nikazitenganisha majina, nikairudisha kamera kwenye hali ya kiwandani, nikaskani kodi ya QR ya chini yake niisajili upya. Simu ikaniletea: kifaa hiki kimeshasajiliwa kwenye akaunti nyingine. Chini kuna namba ya simu, katikati nyota nyota, mwisho tarakimu mbili.

Nikazitazama zile tarakimu. Nikafungua majina kwenye simu yangu. Ni za fundi wa duka.

Nikajaribu kamera ya pili, hivyo hivyo. Mashine, hivyo hivyo. Kumbe mimi muda wote nilikuwa mgeni mwalikwa! Alizisajili zote kwenye akaunti yake, mimi akanigawia ruhusa ya kuangalia. Sikuwahi kujua kwa sababu siku ile alichukua simu yangu mkononi, "bosi nipe nikuwekee", akaminya minya, akanirudishia picha zinaonekana, nikafurahi kama mtoto.

Kamera ya uani inatazama kamba ya kuanikia nguo na mlango wa bafu la nje. Mke wangu anapita pale na kanga. Watoto wanaoga pale kukiwa na joto. Na ina maiki, inasikia. Hii moja ilikuwa kwenye waifai muda mrefu kabla ya radi.

Nikampigia. Sikumtukana, Mungu shahidi. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi hiyo ni kwa ajili ya sapoti tu, ili ukipata shida nikusaidie nikiwa ofisini. Wateja wetu wote tunawafanyia hivyo."

WOTE. Kalitamka kama anatangaza ofa. Na sapoti yenyewe iko wapi? Wiki saba programu yake inamwonyesha mashine haipo hewani, halafu anakuja kunusa!

Nimeandika kwa kiwanda watoe usajili. Wanataka picha ya stika yenye namba ya kifaa na risiti ya manunuzi inayoonyesha namba hiyo. Risiti niliyonayo ni karatasi ya daftari yenye muhuri, imeandikwa "CCTV seti 1". Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hawakunipa, na mimi kwa tamaa ya kupunguziwa nikakubali. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Malalamiko nimeshayaandika, naambatanisha sauti ya ile simu. Aliyewahi kupeleka jambo kama hili Tume aje anipe uzoefu.

Na nyinyi mliofungiwa na mafundi, ingieni kwenye programu sasa hivi, kwenye mipangilio ya kifaa. Ukiona imeandikwa "umeshirikishwa", au sehemu ya kugawia wengine huna, njoo tulie wote. Mimi za waifai nimezichomoa umeme, mashine nimeitoa kwenye intaneti, inarekodi ndani kwa ndani.

NYONGEZA: Mnaoniuliza kwenye PM, jamaa kanitafuta jana jioni. Yuko tayari kuja kuzitoa kamera zangu kwenye akaunti yake. Anaomba elfu 50 ya nauli na usumbufu.