Mboga za msimu bila nyama wala samaki: ladha itoke wapi?

Mkazi wa Mikindani aliuliza:
Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu amerudi nyumbani likizo na kutueleza kwamba ameacha kula nyama na samaki, ingawa mayai na maziwa bado anatumia. Huku kwetu mboga nyingi, hata kisamvu, hukolezwa kwa dagaa au kipande cha samaki mkavu, nami nikiviondoa naona chakula kinakuwa chapwa. Sipendi kumtengea sufuria yake peke yake kana kwamba ni mgonjwa. Natamani tule wote chakula kimoja, kwa vitu vilivyoko sokoni mwezi huu wa saba, yaani mbaazi mbichi, kisamvu, maboga na ufuta mpya. Naomba mnielekeze nianzie wapi, na kama kuna kitu mwili wake utakikosa.

Mama wa Nachingwea alijibu:
Dada yangu, anza na mbaazi mbichi, maana zikishakaukia shambani utamu ule huupati tena mpaka mwakani. Chagua maganda yaliyojaa ambayo bado ni ya kijani, yapukuchue siku hiyohiyo ya kupika, kisha zichemshe kwa maji yanayozifunika tu. Nusu saa au zaidi kidogo hutosha, na utajua zimeiva punje ikipondeka kwa vidole viwili bila ngozi yake kubaki ngumu. Tafadhali usitie magadi: mbaazi mbichi hazina haja ya kuharakishwa, na magadi huharibu vitamini B1 iliyomo. Kitunguu kikaange mpaka kiwe cha kahawia hasa, si kulainika tu, kwa kuwa hapo ndipo inapotoka ile ladha nzito unayoitafuta kwenye dagaa. Tia nyanya, mimina mbaazi na tui jepesi, na tui zito liwe la mwisho huku ukikoroga polepole lisikatike.

Kwenye kisamvu mimi natumia ufuta. Ukaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka uanze kurukaruka na kunukia, utwange ungali na joto, kisha utie kwenye kisamvu kilichokwisha kuiva, dakika chache kabla ya kuepua. Mafuta yake hupanda juu, na mboga hushikana vizuri na tonge la ugali. Kisamvu chenyewe kitwange sawasawa na ukichemshe sufuria ikiwa wazi, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya asili ambayo huachiliwa yanapotwangwa na kuondoka na mvuke. Kuyakatakata kwa kisu pekee hakutoshi.

Mbanguaji, Newala, alijibu:
Nakubaliana na mama kuhusu mbaazi, lakini kwa kisamvu nachagua korosho, kwa sababu ufuta ukiungua kidogo tu huleta uchungu. Nunua zilizokwisha kubanguliwa. Zilizovunjika ni za bei nafuu na ladha ni ileile. Ziloweke saa chache, zisage na maji mpaka ziwe laini, umimine kisamvu kikiwa jikoni na usiuache mwiko, kwani hushika chini upesi. Hata maboga yaliyochemshwa hupendeza kwa tui hilo. Anayetaka kubangua mwenyewe nyumbani ajihadhari na mafuta ya ganda, ambayo huunguza ngozi vibaya.

Muuguzi mstaafu, Lindi, alijibu:
Nijibu sehemu ya mwisho ya swali. Kwa upande wa protini usiwe na hofu, kwa kuwa mbaazi zikiliwa pamoja na ugali au wali hukamilishana. Kitu cha kuangalia ni vitamini B12, ambayo mboga na nafaka haziwezi kumpa. Kwa sasa anaipata kwenye mayai na maziwa, kwa hiyo asiviache, na akija kuviacha aende kituo cha afya ashauriwe kuhusu vidonge. La pili ni madini ya chuma. Yaliyomo kwenye majani na jamii ya kunde mwili huyachukua kwa shida, ila ndimu husaidia sana, basi mkamulie kwenye sahani mboga ikishaepuliwa, na chai aisogeze mpaka saa moja au zaidi baada ya kula.