Je, nivirudie vitabu vya Earthsea nilivyovipenda utotoni, au niviache vilivyo?

Mtoto wa Pangani:

Ndugu wasomaji, salaam. Nilipokuwa na umri wa miaka 13, mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu na ambaye alikuwa akifanya kazi melini, aliniletea vitabu vitatu vya Ursula K. Le Guin vilivyokwisha kulegea mishono: A Wizard of Earthsea cha mwaka 1968, The Tombs of Atuan cha 1971 na The Farthest Shore cha 1972. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, hivyo nilisoma kamusi ikiwa pajani. Hata hivyo, dunia ile ya visiwa, ambamo kila safari huanza kwa kutazama upepo, haikuwa ngeni kwangu, kwa kuwa nilikuwa nikiamka kila siku na kuona majahazi yakitweka tanga.

Sasa nina miaka 41 na vitabu vyenyewe bado ninavyo, ila sijawahi kuvirudia. Mwishoni mwa kitabu cha tatu, Ged, shujaa wa vitabu hivyo mwenye nguvu za uganga, anamaliza uwezo wake wote katika kuuziba mlango uliofunguliwa kati ya walio hai na wafu, kisha anaondoka juu ya mgongo wa joka Kalessin. Kwa miaka yote hii nimemwacha hapo hapo, angani. Hivi karibuni nimefahamu kwamba mwandishi aliandika kitabu cha nne, Tehanu, mwaka 1990, yaani miaka 18 baada ya cha tatu, na kwamba ndani yake Ged anarudi kisiwani kwao Gont akiwa mtu wa kawaida, anachunga mbuzi. Naomba kuuliza kwa dhati: je, vile vitatu vinastahimili jicho la mtu mzima? Na hicho cha nne, nikisome au nimwache Ged wangu alipo?

Binti wa Faza:

Kaka yangu, kisome, ila uanze na Atuan na usikipite haraka.

Nilipokisoma nikiwa msichana, niliamini kwamba ni hadithi ya Ged kwenda kumwokoa mtu. Nilipokirudia mwaka juzi nilishangaa kuona kwamba Ged haonekani kabisa mpaka kitabu kimefika mbali. Anayetawala kurasa ni Tenar, mtoto aliyechukuliwa kwao akiwa na miaka mitano, akanyang'anywa jina lake na kuitwa Arha, maana yake Aliyeliwa. Ged amefungiwa gizani chini ya ardhi, na binti huyo anamtazama kupitia tundu huku uhai wa Ged ukiwa mikononi mwa binti huyo. Anaweza kumwacha afe kwa kiu, na mafunzo yote aliyopewa yanamwagiza afanye hivyo. Hafanyi, anampelekea maji. Nilipokuwa mdogo niliona jambo hilo ni dogo, kwa sababu nilikuwa nikingoja uganga.

Katika kitabu cha kwanza kuna msemo wa watu wa Gont unaosema kwamba uganga wa wanawake ni dhaifu, na mwingine unaosema kwamba ni mwovu. Utotoni niliupita bila kuuona, lakini ukubwani niliuweka mkono wangu juu ya ukurasa ule na kukaa kimya kwa muda. Kwa maoni yangu, Tehanu kiliandikwa kwa sababu mwandishi mwenyewe aliurudia msemo huo na hakuweza kuuacha upite. Tenar humo ni mjane wa mkulima, ana watoto waliokwisha kuwa watu wazima, na amemchukua kumlea mtoto aliyetupwa motoni na watu wake mwenyewe. Ged anamfikia mwanamke huyo akiwa hana kitu. Hutampoteza, kaka. Utamwona akijifunza kuosha vyombo, jambo ambalo huko Roke, kisiwa chenye shule ya uganga, hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu Mstaafu:

Nakubaliana na dada hapo juu kuhusu Atuan, ila siafikiani naye kabisa kuhusu Tehanu, kwani naona mwisho wake umeharakishwa: sura nyingi zinakwenda kwa mwendo wa maisha ya shambani, halafu kila kitu kinaamuliwa katika kurasa chache. Hilo halikizuii kuwa kitabu kikubwa. Ninachokuomba, kijana wangu, ni kutokukisoma mara tu baada ya The Farthest Shore. Kitabu hicho cha tatu kinahusu kifo, nami nilikirudia mwaka niliomzika mke wangu. Ule ukuta mfupi wa mawe, ambao wafu wako upande wa pili wala hawamtambui waliyempenda, ulinielemea kiasi kwamba nilihitaji miezi kadhaa kabla ya kusoma riwaya nyingine yoyote.

Niliwahi kuwasimulia wanafunzi wangu kitabu cha kwanza kwa Kiswahili, na tatizo langu la kwanza lilikuwa neno. Kwetu mchawi ni mtu wa kuogopwa, na mganga ni mtu wa kutibu au kupiga ramli, hali watu wa Roke si hao wala si hao. Hatimaye niliwaita wajuzi, kwa kuwa nguvu yao yote ni kulijua jina la kweli la kila kitu, na wanafunzi wakalikubali neno hilo bila kuuliza.

Ukifika sura ya pili, soma polepole mahali ambapo mvua inawanyeshea Ged na mwalimu wake Ogion mlimani. Ogion angeweza kuifukuza mvua ile, lakini anaiacha inyeshe, anatafuta mti wenye matawi mazito na kulala chini yake. Ged amejikunyata vichakani akiwa amelowa, anajiuliza uwezo una faida gani ikiwa mtu ana hekima nyingi mno kuutumia. Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa Ged. Sasa namwelewa yule mzee aliyelala.

Msomaji wa Kigoma:

Naongeza jambo moja tu. Tazama rangi za watu. Le Guin aliandika waziwazi kwamba Ged ana ngozi ya kahawia iliyoiva na kwamba rafiki yake Vetch ni mweusi, lakini jalada la nakala yangu lilikuwa na Mzungu, nami nikaliamini jalada. Mwaka 2004 filamu ya televisheni ya Marekani ilimfanya Ged kuwa mweupe, na mwandishi alilalamika hadharani.

Mtoto wa Pangani:

Mwalimu, shikamoo, na nyote nawashukuru. Jana usiku nilianza kitabu cha kwanza. Mvua ya Ogion nimeisoma mara mbili, na ni kweli kwamba sikuwa nikiikumbuka hata kidogo. Katika sura ya tatu nimekuta mwandiko wangu wa penseli pembeni mwa neno otak, yule mnyama mdogo anayemfuata Ged: "hakimo katika kamusi". Kumbe nilimtafuta kwa bidii, nisijue kwamba mwandishi alimbuni.

Tehanu nimekwisha kukiagiza, nami nitakiweka kando kwanza kama Mwalimu alivyoelekeza. Kwa sasa nimekwama sura ya nne, kwa sababu asubuhi binti yangu mwenye miaka 12 ameondoka na kitabu chenyewe pamoja na kamusi.