Naomba ushauri: Alumina au silika kama kihami cha lango kwenye SiC, kama hakuna tanuri la NO?

Mtafiti_Chipukizi

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa elektroniki, na mada yangu ni kihami cha lango, yaani utando usiopitisha umeme ulio chini ya lango, kwenye mosfeti (transista inayowashwa kwa volteji ya lango) ya silikoni kabaidi (SiC), kioo cha aina ya 4H. Maabara yetu ina mashine ya ALD, ile inayojenga utando tabaka baada ya tabaka la atomi, pamoja na tanuri la kawaida lenye oksijeni, naitrojeni na agoni. Tanuri la gesi ya NO (naitriki oksaidi), la kutibu mpaka wa silika na SiC, hatuna, na kwa kuwa gesi yenyewe ni sumu, sitegemei kibali kabla sijamaliza.

Wazo langu ni kuachana na silika (SiO2) na kuweka alumina (Al2O3) ya nanomita 40 moja kwa moja juu ya SiC. Nina hoja mbili. Namba k, inayoonyesha kihami kinahifadhi chaji kiasi gani, kwa silika ni 3.9 na ya alumina ni kama 9, hivyo kwa unene uleule lango litavuta elektroni nyingi zaidi. Pia kila ninaposoma nakuta kwamba silika iliyooteshwa juu ya SiC ina mitego mingi mpakani, yaani kasoro zinazonasa elektroni.

Nimeshatengeneza kapasita za majaribio. Nikipandisha volteji kisha nikaishusha, mstari wa kapasitansi haurudi njia ileile. Unaachana kwa zaidi ya volti moja. Msimamizi anasema niendelee na alumina. Mwenzangu maabara ananivuta niende hafnia (HfO2), ambayo k yake inazidi 20. Nimsikilize nani?

Oksaidi_Nyembamba

Mkuu, kabla ya kuangalia k, angalia pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili iachiwe ipitishe umeme. Silikoni ina pengo la eV 1.12, ndiyo maana hafnia yenye pengo la karibu eV 5.8 inaitosha vizuri. 4H-SiC ina eV 3.26. Kinachozuia elektroni zisipande kutoka kwenye SiC hadi kwenye kihami ni kimo cha ukuta kati ya bendi zao za upitishaji, na pengo la SiC likishakula nafasi yote hiyo, ukuta unaobaki ni mfupi. Silika ina pengo la karibu eV 9, na ukuta wake juu ya SiC ni kama eV 2.7. Ule wa hafnia huweza kushuka chini ya eV 1. Mtu ananunua transista hii ifanye kazi kwenye joto la nyuzi 150 au 175. Kwa ukuta mfupi namna hiyo, elektroni zitavuja tu. Hafnia peke yake iache.

Hoja yako ya k ina ukweli, ila uzito wake uko mahali pengine. Transista ikiwa imezima huku ikizuia volti 1200, uga wa umeme ndani ya SiC unaweza kukaribia MV/cm 3 (megavolti kwa sentimita). Unapovuka mpaka kuingia kwenye kihami, uga huo unazidishwa kwa uwiano wa k. SiC ni 9.7, silika 3.9, uwiano ni karibu 2.5, kwa hiyo silika inabeba zaidi ya MV/cm 7. Silika nzuri huvunjika karibu na 10, na anayetaka kifaa kidumu miaka mingi huutaka uga wake ubaki chini ya 4 hivi. Ndiyo sababu mosfeti zenye lango la mtaro hufukiwa eneo la aina ya P karibu na sakafu ya mtaro, likinge kona. Kwa alumina uwiano ni kama 1.1 tu. Hapo inasaidia kwelikweli, na ningekuwa wewe hiyo ndiyo ingekuwa hoja ya kwanza ya tasnifu.

Sasa mpakani, ambako ndiko kuna kazi yenyewe. Elektroni ndani ya kioo cha 4H-SiC zina wepesi wa karibu 1000 kwa kipimo cha cm² kwa volti-sekunde. Kwenye mfereji, njia ya mkondo iliyo chini ya silika isiyotibiwa, hazifiki hata 10. Tiba ya NO kwenye joto la nyuzi 1200 hivi, iliyoenea baada ya tafiti za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, hupandisha hadi 30 au 40. Ona umbali uliobaki! Usitegemee kwamba kubadili kihami peke yake kutaondoa mitego. Alumina ina mitego yake karibu na mpaka, inayomeza elektroni volteji ikipanda na kuchelewa kuziachia ikishuka. Mstari wako unaoachana unaonyesha jambo hilohilo.

Ushauri wangu: weka silika nyembamba sana, nanomita chache, kati ya SiC na alumina. Silika ilinde ukuta, alumina ibebe unene. Tena silika hiyo uiweke kwa ALD, usiioteshe, kwa sababu kuiunguza SiC kwa oksijeni huacha kasoro mpakani. Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha mwaka 2020 kwamba ukisafisha uso kwa hidrojeni, ukaweka silika juu, kisha ukaipasha kwenye naitrojeni ya kawaida kwa joto kali, mitego inapungua sana bila NO. Naitrojeni mnayo. Ulizia bomba la tanuri lenu ni la nini. Kama ni kwatzi, ukizidi sana nyuzi 1200 halitavumilia.

LangoWazi

Mimi ningehamia GaN (galiamu naitraidi) kabisa. Lango la GaN ya aina ya P (p-GaN) lililoko sokoni halipendi kuzidi volti 6 au 7, kwa hiyo saketi ya kuliendesha inabaki na nafasi finyu. Kihami cha kweli pale kingetatua tatizo kubwa, na ALD ya alumina ndiyo kifaa chenyewe.

Oksaidi_Nyembamba

LangoWazi, tatizo ni la kweli, ila kule nako kizingiti, yaani volteji ya kuwashia transista, kinahama kwa sababu ya mitego kati ya alumina na GaN. Atakuwa amebadilisha kioo tu, swali likabaki lilelile, na vipande vya SiC anavyo tayari.

Dada_Vipimo

Mdogo wangu, usimfuate yeyote kabla hujajua unachopima. Nasema hivi kwa kuwa nimeona watu wakitangaza mpaka safi huku vipimo vyao haviuoni mpaka wenyewe.

Kwenye SiC, mtego ulio katikati ya pengo uko eV 1.6 chini ya bendi. Kwa joto la chumba, elektroni iliyonaswa hapo itakaa mamilioni ya miaka kabla ya kutoka. Kwa kifaa chako hiyo inaonekana kama chaji isiyobadilika, wala haiingii kwenye hesabu ya mitego. Kwa hiyo pima kwenye joto la chumba, kisha rudia kwenye nyuzi 200 au 300 ili mitego ya kina zaidi ijibu. Pima pia baada ya kuimulika sampuli kwa mwanga wa urujuanimno ukiwa upande wa volteji hasi, ili mashimo (nafasi zenye chaji chanya zinazoachwa na elektroni) yazaliwe; gizani hayazaliwi, na kapasita inazama tu bila kugeuka. Tofauti kati ya mistari hiyo ndiyo mitego yako. Volteji uipandishe na kuishusha kwa kasi ileile kila mara, na uandike kasi hiyo, la sivyo ile volti moja haina maana kwa msomaji.

Tena jambo ambalo hakuna aliyeligusa: mpangilio wa hatua. Alumina ya ALD huanza kugeuka fuwele kwenye nyuzi 850 hadi 900, na ikishaganda hivyo mkondo hupenya kwenye mipaka ya chembe. Nikeli ya mguso wa ohmu, ule wa kuingizia mkondo kwenye SiC, inahitaji karibu nyuzi 1000. Ukifika kwenye mosfeti kamili, mguso uchomwe kwanza, alumina ije baadaye, na umuulize mwenye mashine ya ALD kama anaruhusu sampuli yenye nikeli kuingia.

Mtafiti_Chipukizi

Asanteni sana wakuu. Hafnia nimeiacha, nabaki SiC. Basi nikiweka silika ya nanomita 5 na alumina ya 35, ili jumla ibaki 40, naweza kuendesha lango kwa volti 15 kama kawaida?

Oksaidi_Nyembamba

Hapana mkuu, fanya hesabu kwanza. Uga hugawanyika kinyume na k. Nanomita 35 za alumina ni sawa na 15 za silika, ongeza 5 zako, unapata 20. Volti 15 juu ya nanomita 20 ni karibu MV/cm 7.5, na uga huo wote unaikuta ile silika nyembamba, ingawa alumina inabeba 3.2 tu.

Una njia mbili. Ukitaka volti 15, alumina iwe karibu nanomita 75, silika ibaki kwenye 4. Au acha unene ulivyo na uendeshe lango kwa volti 8. Elektroni kwenye mfereji zitakuwa zilezile, kwa kuwa uga ndani ya silika ni uleule. Mimi ningeanza na hii ya pili, kwa sababu utando mwembamba unamaliza muda mfupi kwenye mashine na utapata sampuli nyingi zaidi za kufanyia vipimo alivyokushauri Dada_Vipimo.