Kulungu jike akizeeka huacha kuzaa kabisa?

mfugaji_Buswelu
Habari za jioni wakuu. Jumapili nilimpeleka mjukuu wangu Saanane, hifadhi ya wanyama ya kisiwani hapa Mwanza. Kwenye kundi la swala pala kulikuwa na jike mmoja, mgongo umebonyea, mbavu unazihesabu, wenzake wana watoto yeye hana. Mjukuu akauliza, "Bibi, huyu ameshaacha kuzaa kama wewe?" Nilikosa jibu. Usiku nikaangalia video za kulungu wa Scotland, wale wenye pembe za matawi, swali likanirudia.

Nina mbuzi jike, huu mwaka wake wa kumi. Alikuwa mtu wa mapacha. Mwaka juzi alizaa mmoja, mwaka jana akatupa mimba, sasa beberu anampanda na hashiki. Baba watoto anataka tumchinje Krismasi. Mimi moyo unakataa. Je, wanyama hawa wana kikomo kama sisi wanawake?

mstaafu_wa_doria
Dada yangu, hongera kwa mjukuu mwenye macho. Nilisoma chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, hapo hapo Mwanza, nikalinda wanyama mpaka nikastaafu. Kulungu wa Ulaya huku hatuna, wa kwao nimewajua kwa kusoma. Waliochunguzwa sana ni wa kisiwa cha Rum, Scotland. Tangu miaka ya 1970 watafiti wanawafuata mmoja mmoja, kuanzia kuzaliwa mpaka kufa.

Jike wa Rum huanza kuzaa akiwa na miaka 3 au 4, mtoto mmoja kwa mwaka. Akifika miaka 9 hivi, kasi inaanza kulegea. Kikomo kama cha binadamu hana. Joto anapata, dume anampanda, ila kuna mwaka hashiki. Akishika, anachelewa kuzaa na mtoto anatoka mwepesi, na mtoto wa namna hiyo baridi inamkuta hajanona.

Sasa meno, maana hapo ndipo penye kisa. Gego la kulungu likisagika halioti lingine. Mnyama anashinda malishoni kutwa, lakini majani yanashuka tumboni hayajatafunwa sawasawa, mwili haujengi mafuta, na Oktoba, msimu wao wa kupandana, inamkuta amekonda. Jike aliyekonda ni shida kushika mimba. Nikiwa hifadhi ya kisiwa cha Rubondo niliokota fuvu la nzohe jike, yule swala wa kwenye maji, ndani ya mafunjo. Nzohe si kulungu, najua, lakini nilipitisha kidole juu ya magego yale yakawa laini kama kokoto la ufukweni. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu.

Na kuna hili la Rum ambalo huniuma: majike waliozaa sana ujanani ndio waliochoka upesi uzeeni.

Kayenze_mifugo
Mama shikamoo. Kabla ya kisu, mfungue mdomo. Mbuzi ana meno ya mbele ya chini tu; yakiwa yameachana, yanacheza au yameng'oka, basi njaa iko mdomoni. Mpe majani mateke na pumba iliyolowekwa, mtenge na vijana wanaomsukuma kwenye hori.

Ila hiyo mimba iliyotupwa usiisingizie uzee moja kwa moja. Kuna ugonjwa wa brusela, unatupisha mimba na unaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi. Akitupa tena, kondo na kichanga usishike kwa mikono mitupu. Mwite daktari wa mifugo atoe damu ipimwe. Na maziwa chemsheni, mama, hata ya mbuzi wengine.

mfugaji_Buswelu
Marahaba mwanangu, na kaka yangu asante. Asubuhi nimemshika, mjukuu akashika taa ya simu. Meno mawili hayapo, la tatu linacheza ukiligusa. Mwaka mzima nilikuwa namwona anaangusha majani nikidhani anachagua.

Nimemkatia matembele, amekula yote taratibu, kichwa ameinamisha upande. Daktari anakuja Alhamisi. Baba watoto amekubali tusubiri majibu ya damu.